Mbabula Iliyosifiwa na Kila Mtu

Habari ya kifo cha Fundi Haruna ilinikuta kwenye foleni ya mafuta, nimekalia kidumu changu cha njano kama kuku anayeatamia. Nikaacha foleni, nikaenda Buyenzi kwa miguu. Matangani walinipa mkeka upande wa wanawake na sahani ya wali, na baada ya muda binti yake mkubwa, ambaye mara ya mwisho nilimwona akiwa mgongoni mwa mama yake, akaja kunichuchumalia mbele. "Mama, unisamehe, mi sikujui. We ulikuwa nani kwa baba?" Swali dogo. Sikuwa ndugu yake. Sikuwa jirani, wala hatukuswali pamoja. Nikasema, "Nilikuwa namwandikia." Akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Nikala wali wangu nikijua hakuelewa kitu, na kwamba mimi mwenyewe ule mwaka sijauelewa vizuri hadi leo.

Ulikuwa mwaka wa ambago, kama tulivyoviita vikwazo, nchi jirani zilipotufungia mipaka na vitu vikaacha kuingia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, masomo ya chuo yamekatika katikati, na sifa yangu pekee ilikuwa mwandiko mzuri. Kwa mwandiko huo nilipata kazi kwa Bwana Nassor, mfanyabiashara wa ukoo wa Kiomani ambaye duka lake la vipuri lilikuwapo Buyenzi tangu enzi za babu yake, na nyuma ya duka kulikuwa na karakana. Duka lilikuwa tupu. Kwenye rafu ilibaki mikanda ya feni ya magari ambayo mjini hayakuwapo tena. Karakana nayo haikuwa na gari, maana bila petroli gari haliharibiki. Kilichobaki ni mabati thelathini ya chuma, yale ya kutengenezea bodi za malori, yameegemezwa ukutani chini ya turubai. Bwana Nassor aliyatazama kila asubuhi kama mtu anayemtazama ng'ombe wake wa mwisho. "Haya yakiisha bure," alituambia siku ya kwanza, "mi nafunga mulango, kila mutu aende kwake." Kwangu na kwa Haruna yalikuwa maneno mazito. Kwa Deo, mchomeleaji wetu, yalikuwa hukumu. Deo alikuwa na nyumba mtaa wa Mutakura, hadi vita vya kikabila vilipowafukuza kule watu wa kabila lake, na mwaka ule hakuwa nayo tena. Alilala palepale stoo, katikati ya magurudumu. Kwake hakukuwapo.

Sasa, Bwana Nassor alikuwa amealikwa kwenye semina ya siku mbili ya mradi fulani wa misaada, akarudi na kalamu ya bure na maneno matatu ya Kifaransa ambayo leo ningeyaita dira, mkakati na mpango wa safari. Akaniamuru niyaandike ukutani kwa rangi ya buluu iliyobaki kwenye kupaka geti. Niliyaandika vizuri mno, yakakaa pale wiki nzima bila kitu chini yake, nasi tukiyatazama. "Vizyon ni kitu gani, patron?" aliuliza Haruna, akimnyooshea bosi neno la kwanza, la dira. "Ni kile unaona ukifunga macho." "Mi nikifunga macho nalala." Bwana Nassor alidhani tutatengeneza mikokoteni. Haruna alitaka milango ya chuma, kwa kuwa vita huuza milango. Mimi niliandika yote, mikokoteni na milango, nikakata yote. Kisha siku moja mke wa Bwana Nassor akapita na sinia la mandazi huku akilalamika peke yake kwamba makala, yaani makaa, hayashuki tena kutoka milimani na chungu kimoja cha maharage kinataka kumaliza gunia. Bwana Nassor akafumba macho palepale, na mandazi mkononi. Alipoyafumbua akaniambia niandike, na nikaandika: *Maharage yaive kwa bakuli moja la makala.* Tungetengeneza mbabula, jiko la makala ambalo kila nyumba ya mji huu inalo, lakini lisilo na ulafi. Mkakati nao akauweka kwa sentensi moja, mabati akiyaita tole: "Tole atukati hata moja mpaka wanawake watuambie ndiyo." Chini ya mpango wa safari nilichora mshale, na ncha yake sikujua niielekeze wapi.

Kila asubuhi tulifanya kikao tukiwa tumesimama, tumezunguka birika la chai ya tangawizi. Hilo halikutoka semina, lilikuwa la Bwana Nassor mwenyewe. "Mutu akikaa," alisema, "anaanza habari ya vita." Basi tulisimama, kila mmoja na gilasi yake, na kila mmoja akasema jana amefanya nini, leo anafanya nini, na nini kimemkwamisha. Chai ikiisha, kikao kimeisha. Siku nyingine milio ya bunduki ilisikika waziwazi kutoka milimani, na Haruna akaendelea kueleza habari ya miguu ya mbabula, akipaza sauti kidogo tu. Haruna alikuwa mfupi, mwenye kujivuna, na hakuwahi kukubali kwamba kitu alichotengeneza kimeharibika. Siku zote kilikuwa kimeharibiwa. Nilimpenda kwa hilo, ingawa wakati ule nilidhani ananiudhi.

Tulitengeneza mbabula tatu za kujaribia kwa vipande vya magari mabovu, mabati hatukuyagusa. Kila Jumatatu nilizipeleka katika nyumba tatu, kila Alhamisi nikazirudisha, moja moja, kichwani. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Masenge, shangazi yangu, niliyekaa kwake kule Ngagara, ng'ambo ya mto. Ya pili ilikuwa ya mke wa mwalimu wa madrasa, hapo hapo Buyenzi. Ya tatu ilikuwa Mutakura, kwa bibi mmoja aliyekuwa jirani wa Deo. Deo asingethubutu kukanyaga kule, kwa hiyo miguu yangu ilikuwa yake. Kwenye daraja la mto Ntahangwa, nikienda, askari aliniambia kila mara nipindue mbabula, majivu yakamwagika kwenye viatu vyake, akakasirika kana kwamba ni mimi niliyetaka.

Na kwetu chombo hakirudi kitupu. Mbabula zilirudi zimesuguliwa zikang'aa, na juu ya kila moja sahani imefunikwa: kwa Masenge maharage na ndizi za mawese, kwa mke wa mwalimu sambusa, na kutoka Mutakura ndagala, yaani dagaa, zilizofungwa kwenye jani la mgomba, "za Deo". Pamoja na chakula zilikuja salamu. "Mwambie fundi Mungu amubariki. Bakuli moja tu, na makala ikabaki." Niliyaandika yote kwenye daftari kwa mwandiko wangu mzuri, nikayasoma kikaoni, Haruna akitazama dari kwa unyenyekevu wa uongo. Kisha tulikula. Naona haya kusema, lakini katika mwaka ule wa njaa, siku za Alhamisi nilishiba.

Tatizo ni kwamba mbabula zilezile, tukizijaribu wenyewe karakanani, hazikuivisha. Tulibandika maharage saa mbili asubuhi, adhuhuri makala yakawa majivu, na maharage ungeweza kumpiga nayo mbwa. Haruna alisema ni mikono, wanaume hawajui kuweka makala. Deo alisema ni upepo wa lango. Bwana Nassor aliyalaumu maji ya bomba. Mimi nilichanganyikiwa tu, na sikuwa na aibu ya kusema hivyo: daftari linasema ndiyo, chungu kinasema hapana. Kila wiki tulibadili kitu kufuata sifa tulizoletewa. Walisifu udogo wake, tukaipunguza. Walisifu uzito, tukaiongeza uzito. Mishale yangu ukutani ilikwenda ikirudi ilikotoka, mpaka ukuta ukafanana na daftari la mtoto wa chekechea. Wala hakuna aliyeuliza tuamini kipi kati ya daftari na chungu. Tuliliamini daftari, nadhani kwa sababu lilikuwa na mwandiko mzuri zaidi. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alipenda kusema Bwana Nassor, bila kuona kwamba chetu kilitembezwa mji mzima juu ya kichwa changu. Baada ya wiki kadhaa za ndiyo tupu, akatangaza kwamba Jumatatu inayofuata tunakata mabati. Yote thelathini.

Jumatano ya wiki ile malaria ilinishika, nikarudi Ngagara mchana. Nilipitia uani. Masenge alikuwa amechuchumaa mbele ya mbabula yake ya zamani, ile nyeusi iliyopasuka ubavu, imejaa makala hadi juu, na chungu cha maharage kinatokota. Ya kwetu ilikuwa pembeni, baridi, naye anaisugua kwa majivu na maganda ya ndizi. Nilisimama pale na homa yangu nikidhani naota. Kisha akainua chungu, akakihamishia kwenye ya kwetu, akarudi nyuma hatua moja kukitazama, kama mtu anayetaka kupiga picha.

"Masenge, unafanya nini?"

Alishtuka, lakini yeye hakuwa mtu wa kushtuka kwa muda mrefu. "Si napika?"

"Kwa ile?"

"Hii yenu niliijaribu ile juma ya kwanza. Ilichemusha maji, ikachoka."

"Mbona ulisema imeivisha? Nimeandika!"

Alinitazama kama aliyeona mtoto asiye na malezi. "Mwana wanje, mwana wangu, watu ya Buyenzi wanafanya kitu na mikono yao, wanaituma mpaka hapa. Siku hizi nani anatuma kitu Ngagara? Nani anavuka daraja kuja kwetu? Halafu mi niwarudishie matusi? Oya. Apana mi." Akafunika chungu. "Ukale, ulale. Una homa."

Nililala, lakini sikupumzika. Nilimfikiria mke wa mwalimu na sambusa zake, na yule bibi wa Mutakura, ambaye uani kwake sikuwahi kuona hata punje ya makala. Nilikuwa nimebeba adabu kichwani kwa wiki hizo zote, nikaiandika kama ukweli. Nilipaswa kusema Alhamisi ileile. Sikusema. Ningemwambiaje Haruna, ambaye sifa zile zilikuwa zimemrefusha? Ningemkatiaje Deo ndagala zake? Na nitakuwa mkweli kwa kuwa nimezeeka: nililionea huruma daftari langu. Lakini kila nilipofumba macho niliona mabati thelathini yamekatwa vibaya, mlango umefungwa, na Deo barabarani na kifurushi chake. Alhamisi ikapita, Ijumaa, Jumamosi, na Jumapili nikaenda misani nikaomba Mungu amweleze Bwana Nassor badala yangu.

Jumatatu turubai likaondolewa. Haruna akachora bati la kwanza kwa msumari, taratibu, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Deo akalikata. Walipolaza la pili nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, "Masenge anapika kwa mbabula yake ya zamani." Hakuna aliyenielewa. Nikasema tena, safari hii na yote: makala hadi juu, chungu kinahamishwa, kusuguliwa kwa maganda ya ndizi. Kisha Deo akaweka mkasi chini.

"Mi nilijua," alisema.

"We ulijua?" Bwana Nassor alimgeukia. "Toka lini?"

"Ule mubibi ya Mutakura anapika na kuni, patron. Toka zamani. Makala atatoa wapi?"

"Na ukanyamaza?"

Deo alitazama mikono yake. "Ndagala yake ilikuwa inakuja."

Bwana Nassor akasema astaghfirullah, mara mbili. Haruna aliifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akatoka. Bwana Nassor akayafunika mwenyewe mabati ishirini na tisa yaliyobaki, kisha akanitazama. "Mficha uchi azai," alisema, bila hasira. Ningependelea hasira.

Siku mbili Haruna hakuonekana, nasi tulisimama asubuhi watu watatu na birika la watu wanne. Nilijua nimemvunja moyo. Siku ya tatu akaingia akiwa na mwanamke mnene, muuza vitumbua wa njia ya msikitini, ambaye kabla hata ya salamu alitazama karakana yote na kuuliza ni nani aliyefuga nguruwe humu. "Huyu ni Mama Tatu," alisema Haruna. "Watu ya kwao na watu ya kwetu ni watani. Toka mi nazaliwa, huyu mwanamuke ajasema neno moja muzuri juu yangu, na sheria ya utani inamukataza. Mumupe mbabula." Nimekutana na watu wengi wenye elimu tangu siku ile, wengine wamefika mbali sana, na sijaona mwingine aliyekwenda mwenyewe kumtafuta wa kumtukana, akamleta kwa mkono mbele ya mwajiri wake.

Mama Tatu hakupika kwake. Alipika pale pale mbele yetu, ameketi kwenye tairi, na kwa kuwa alikuwa mtani hakuna adabu iliyomzuia. "Hii kitu ni Haruna mwenyewe," alisema siku ya kwanza. "Moto iko mudomoni, tumboni baridi." Tulicheka, kisha Deo akaacha kucheka, akainama akaangalia: chungu kilikaa juu mno ya makala. Akakipandisha kitako cha ndani kinachobeba makala. Mama Tatu alipokoroga bugali, mbabula ikayumba. "Inalewa kama Haruna kwa harusi ya dada yake!" Tukatanua miguu. "Inakula makala kama Haruna anakula pilau ya matanga!" Hili lilituchukua wiki nyingi, hadi Deo, ambaye ujanani alifyatua matofali, akateremka Ntahangwa kuchota udongo, akauchanganya na maganda ya mpunga, akaipaka mbabula ndani kama nyumba, ili joto lisitoroke. Mimi nilifuta mishale yangu yote. Chini ya mpango wa safari niliandika matusi ya Mama Tatu, zito juu, jepesi chini, na kila asubuhi tukishika gilasi tuliulizana ni tusi gani tunalifuta leo. Mpwa wangu anatengeneza programu za simu, na ofisini kwao wana ukuta wa vikaratasi vya rangi wanavyovihamisha kila wiki. Aliponieleza nikamwambia nimeshauona ukuta huo, ila wa kwetu ulikuwa na matusi. Alidhani natania.

Ikafika siku Mama Tatu akapika maharage, yakaiva, na akatukana pua ya Haruna tu. Tukababaika. Hatukujua kama tumeshinda au amechoka. Haruna alitaka tukate mabati siku hiyohiyo, lakini Bwana Nassor alikuwa ameshaungua. "Mutani mumoja si soko," alisema. "Tuipeleke kwa yule anasema ndiyo kila siku. Kwa Masenge ya huyu." Nilimwambia haina maana, yule angesifu hata jiwe. "Ipeleke," alisema. "Usimuulize kitu." Nikaibeba Jumatatu, moja tu, hiyo pekee yenye udongo, kazi ya wiki zote zile. Sikuuliza kitu, naye hakusema kitu, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake.

Alhamisi asubuhi nilitandika kata yangu kichwani nikaenda kuichukua. Masenge alikuwa mlangoni, amejifunga kitenge vizuri, amesimama katikati kabisa ya mlango.

"Imeibwa," alisema.

"Nini imeibwa?"

"Mbabula yenu. Wezi. Siku hizi, mwana wanje, watu wanaiba hata ufagio."

Akilini nilimwona Deo barabarani na kifurushi chake. Nilizunguka mtaa mzima nikigonga milango, nikiuliza watu ambao mwaka ule hawakupenda kugongewa, na kila mmoja akatikisa kichwa. Nilirudi nikilia kweli, makamasi na yote, nikapita uani kunawa uso. Nyuma ya banda la kuku kulikuwa kunapanda moshi mwembamba. Nilikwenda taratibu. Mbabula yetu ilikuwa pale, imefichwa kwa debe na mafungu mawili ya kuni, na juu yake chungu cha maharage kinatokota. Kando kulikuwa na bakuli la makala, limebaki na makala.

Nilipogeuka Masenge alikuwa nyuma yangu. Hakuomba radhi. "Useme imeibwa," aliniambia kwa sauti ya chini, ya kusihi, ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Watatengeneza ingine. Hii mi sirudishi."

Nilikimbia hadi Buyenzi, na darajani askari alishangaa kuona kichwa changu kitupu. Karakanani walikuwa wamesimama, birika limeshapoa, wananisubiri. Walipoona sina kitu, Deo akaenda moja kwa moja kusimama karibu na stoo yake. Haruna ndiye aliyeuliza.

"Amesema nini? Amesema ni muzuri?"

"Apana," nilisema. "Ameificha nyuma ya kuku. Amesema imeibwa."

Haruna alinikodolea macho. "Sema tena."

Nikasema tena. Bwana Nassor tayari alikuwa anavuta turubai. "Tena," alisema Haruna, na mashavu yake yalikuwa yameloa. Nikarudia mara ya tatu, nami nikilia, sijui kwa nini, huku Deo akikata bati la pili.